Maestro Aliyesikia Moshi

Kabla hatujaimba hata neno moja, Maestro alikuwa akitupitia mmoja mmoja na kutuomba tuseme "a". Si kuimba, kusema tu. Wageni kwenye kwaya walidhani ni zoezi la sauti. Sisi wa zamani tulijua kwamba ni ukaguzi, na wengine tulijibanza nyuma ya migongo mipana ya mabesi tukiomba asitufikie.

"Sema a, Madame."

"Aaa."

"Leo asubuhi umewasha babula na sachet."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ndiyo maana aliniita Madame, kama wanavyoniita wanafunzi wangu. Lakini mshahara wa mwalimu mnaujua wenyewe, kwa hiyo kabla ya kwenda shule nakaanga mikate midogo ya mafuta na kuiuza mbele ya nyumba. Babula ndilo jiko letu la makaa. Makaa yakiwa na unyevu hayashiki upesi, na mwenye haraka huchukua sachet, yaani mfuko wa plastiki, akauwasha na kuuacha udondoke juu yake tone kwa tone. Mjini kwetu karibu kila mtu anafanya hivyo. Moshi wake mweusi unaingia kooni na kujipangia chumba humo.

Sijui Maestro aliusikiaje kwenye "a" yangu, lakini aliusikia. Alikosea pia, tusimfanye malaika. Kuna besi mmoja alimshutumu mbele ya watu wote kwamba amekaa karibu na tairi linalochomwa, kumbe maskini alikuwa na mafua tu. Maestro alimwomba radhi kwa heshima zote, kisha akamwambia kwamba hata hivyo akae mbali na matairi.

Nilipoingia kwaya nilikuwa soprano. Moshi wa mikate ulinishusha polepole mpaka alto, na siku aliponihamisha safu hakunilaumu, alisema tu kwamba alto nao ni watu. Niliumia sana. Nilifika nyumbani nikalia, kisha nikakanda unga, kwa sababu kesho yake wateja wangekuja kama kawaida.

Habari za kuzaliwa kwake na za baba zake sizijui, na sikumuuliza. Nilimkuta tayari amesimama mbele ya kwaya ya parokia yetu, mrefu, mwembamba, shati jeupe la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka shingoni hata jua likiwaka. Aliwahi kuwa karani kwenye ofisi moja ya serikali, lakini hakuna aliyemkumbuka kwa ukarani. Kwetu kiongozi wa kwaya anaitwa Maestro, na yeye jina hilo lilimvaa kabisa. Mkewe peke yake ndiye aliyetumia jina lake la ubatizo, na hata yeye akikasirika alisema Maestro.

Siku hizi hayuko tena Kisangani. Anaishi Basoko kwa binti yake, pale Aruwimi unapoingia kwenye mto mkubwa, na mwanakwaya yeyote anayepanda boti kwenda huko anapakiwa salamu mpaka anachoka kuzikumbuka. Alihama kwa sababu ya kifua chake; kiliharibikaje, nitafika huko.

Kutembea naye barabarani kulitaka uvumilivu. Alipenda miguu, au toleka, zile baiskeli za kubeba abiria ambazo pikipiki zinazidi kuzifukuza mjini. Lori au pikipiki mbovu ikipita, aliweka leso puani na kuzuia pumzi mpaka moshi utawanyike, hata kama alikuwa katikati ya sentensi. Nawe ulisimama hapo unangojea kitenzi. Zamani ungeweza kusikia habari nzima kutoka parokia mpaka soko kuu bila kukatizwa. Miaka ya mwisho pikipiki ziliongezeka hivi kwamba habari moja ya msiba wa jirani ilitufikisha sokoni marehemu hajafa bado.

Neno lake kubwa lilikuwa "tunachelewa". Kwenye mazoezi lilikuwa na maana ya kawaida, kwamba tenor wanaburuta. Lakini alilisema pia mvua ilipomwagika mwezi ambao haukuwa wake, alilisema mto ulipopanda ukaingia kwenye nyumba za watu, na alilisema mwaka mwingine mto uliposhuka mpaka nguzo za wavuvi zikabaki zimesimama juu ya mawe makavu. "Tunachelewa, batu yangu. Tunachelewa." Tulimcheka, maana yeye mwenyewe hakuwahi kufika mazoezini kwa wakati. Tulikuwa tunamwona kwa mbali anakuja taratibu, leso mkononi, na mtu wa kwanza kumwona alipaza sauti: "Tunachelewa!" Alicheka pia. Hasira yake ilikuwa adimu, na kwa sababu hiyo tuliiogopa.

Nyuma ya parokia kuna mahali ambapo taka za soko zilikuwa zinachomwa kila alasiri, saa ileile ya mazoezi yetu. Mtu mwingine angekwenda kugombana. Maestro alikwenda kumsalimia mzee mnene aliyekuwa anasukuma mkokoteni wa taka na kuzichoma, akamuuliza hali ya nyumbani, kisha akamwomba aseme "a". Mzee alicheka sana, akasema "A!" kwa nguvu zote.

"Papa, weye ni tenor," Maestro akamwambia. "Kuya kwaya, kabla moshi ikule hiyo sauti."

Alikuja. Mpaka leo ndiye anayebeba safu ya tenor. Taka ziliendelea kuchomwa na mwingine, lakini Maestro aliona amefanya kazi kubwa siku hiyo, na mimi nakubaliana naye.

Vita yake na ubani ilikuwa ya aina nyingine, kwa sababu hapo alikuwa anapambana na padri. Kwaya yetu inakaa karibu na altare, na sikukuu kubwa chetezo kikianza kupepea, soprano wote wanafumba macho. Nilikuwapo siku alipomfuata padri sakristia.

"Père, Mungu hasikie bila moshi?"

"Maestro, ile moshi iko alama ya sala inapanda."

"Bon. Sala ipande. Moshi ibaki."

Padri alikuwa mtu wa Mungu na mtu wa mzaha, wakakubaliana kwamba ubani utafukizwa baada ya wimbo wa Utukufu, si kabla. Maestro alitembea siku nzima kama aliyeshinda uchaguzi.

Sasa nieleze na upande wake mwingine, maana alikuwa nao. Mtu huyu aliyechukia moshi kuliko dhambi hakuna chakula alichokipenda kuliko samaki wa moshi. Samaki mbichi alimwona hana habari. Alitaka yule mweusi, aliyekauka, aliyelala juu ya moto kutwa nzima mpaka harufu yake ikaingia mifupani, apikwe na pondu, yale majani ya muhogo, na mawese mengi. Akila alifumba macho. Tulimtania: "Maestro, sema a!" Alijibu akiwa bado anatafuna kwamba tumbo halina kwaya.

Aliamua pia kwamba nyumbani kwake makaa yamekwisha, watapika kwa umeme. Alinunua réchaud, lile jiko dogo la umeme la kuweka mezani, akalionyesha kwa kila aliyemtembelea. Umeme wetu unatoka kwenye mto Tshopo, na mwaka ule mto ulikuwa umeshuka, umeme ukawa unakuja mchovu na kuondoka bila kuaga. Mkewe alibandika maharage asubuhi. Adhuhuri yalikuwa bado magumu, yanapiga kelele kwenye sahani. Alasiri mama wa watu alibeba sufuria kimyakimya mpaka uani na kuiweka juu ya babula ya jirani, na Maestro aliporudi akasifu sana maharage ya umeme. Mkewe alimwacha asifu wiki mbili hivi. Alipoambiwa ukweli hakucheka. Alikaa kwenye kiti akasema kwamba hapo ndipo penye ubaya: mvua ikikosea, mto unashuka, mto ukishuka, umeme unakufa, umeme ukifa, mji mzima unarudi kwenye makaa, msitu unakatwa zaidi, na mvua inazidi kukosea. Kisha mazoezini alituchorea habari hiyo hewani kwa kidole, duara moja. Ndiyo siku pekee niliyomwona ameogopa.

Wakati ule redioni walikuwa wanazungumza sana juu ya msitu wetu. Wakubwa walikutana ng'ambo, wakasema tena na tena kwamba msitu wa Kongo ni mapafu ya dunia. Tenor mmoja alikuwa na simu yenye redio, tukasikiliza wakati wa mapumziko, na wengi tulijisikia fahari. Mapafu ya dunia, sisi! Maestro alisikiliza mpaka mwisho.

"Bon," akasema. "Mapafu ya dunia njo hii yetu. Na mapafu ya Mama Vero iko ya nani?"

Mama Vero alikuwa ameketi palepale, anakohoa ndani ya kitenge chake.

Nitamweleza Mama Vero, kwa sababu bila yeye Maestro hasimuliki. Alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya yetu. Mumewe ni mvuvi wa maporomoko, mmoja wa wale wanaoning'iniza vikapu vikubwa vya kutegea samaki kwenye nguzo za miti, katikati ya maji yanayokimbia kwa hasira. Samaki akiwa majini ni kazi ya mume. Akitoka majini ni kazi ya Mama Vero, na lazima afanye siku hiyohiyo, maana barafu hakuna na joto halingojei mtu. Anawapanga juu ya wavu wa chuma, chini yake moto, na anainama juu ya moshi kuwageuza mmojammoja mpaka jioni. Alifanya hivyo tangu akiwa msichana. Na mwanamke huyu, Jumapili akifungua kinywa, mzee wa mkokoteni alikuwa anavua kofia hata kama alishaivua.

Maestro alimpenda kama mtu anavyopenda mvua ya kwanza. Nasema hivyo bila ubaya, mkewe mwenyewe ndiye aliyeniambia. Wimbo wa Utukufu aliotunga, nusu Kiswahili nusu Lingala, aliutunga kwa ajili ya sauti ile moja. Kwa hiyo kikohozi kilipoanza, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukisikia, kabla ya Mama Vero mwenyewe.

Jambo la kwanza alilofikiri lilikuwa kuikimbiza kwaya nzima kwenye hewa safi. Akatangaza kwamba mazoezi yamehamia kwenye miamba ya maporomoko, jirani na kwa Mama Vero. Na kweli, hewa ya pale ni tamu, maji yanapiga mawe na matone yake madogo yanakuosha uso, unavuta pumzi mpaka kwenye vidole vya miguu. Tulifanya mazoezi huko msimu mzima. Maestro alifurahi, alisema hajawahi kutusikia tunaimba hivi. Jambo ambalo halikutuingia akilini, sisi watu waliozaliwa ndani ya ngurumo ya maji yale mpaka hatuisikii tena, ni kwamba tulikuwa tunapiga kelele. Kila juma tulipandisha sauti kidogo ili tusikilizane, na kila juma tukaona ni sawa.

Siku ya Pasaka tuliingia kanisani, Maestro akashusha mkono, tukaanza. Watoto wote wachanga walilia kwa mara moja. Popo walitoka darini mchana kweupe. Padri alishika altare kwa mikono miwili, na bibi mmoja wa safu ya mbele akaanguka magotini, akidhani mwisho umefika. Hatukuweza kupunguza, koo zilikuwa zimeshazoea. Tuliimba misa nzima namna ile, Maestro akitupungia mkono chini, chini, chini, jasho likimtiririka.

Baadaye padri alimuuliza nini kimetokea. "Hewa ilikuwa muzuri, Père," alijibu kwa unyonge. "Masikio njo tulisahau."

Basi tukarudi parokiani na moshi wetu, na Maestro akaanza kutafuta ubaya mahali ulipo, yaani kwenye kuni. Kuni kavu zinatoa moto mkubwa na moshi mwepesi. Kuni zilizolowa zinatoa moshi mzito, unaouma macho na kulala kifuani. Zamani Mama Vero alikuwa anaanika kuni zake miezi ya mvua chache, zikamfikisha mbali. Lakini miezi hiyo imeharibika. Anaanika, inanyesha. Anaanika tena, inanyesha tena. Alikuwa anakausha samaki kwa kuni ambazo unaweza kuzikamua.

Kila kwaya ina mchango wake wa kila mwezi, na yetu pia. Maestro alisimama mbele yetu akasema mchango umebadilika.

"Kuanzia leo, cotisation iko kuni. Kila mutu, moja. Kavu. Ile inalia ukiipiga."

Tulidhani ni utani mpaka tulipomwona mlangoni wiki iliyofuata, ameshika kipande cha mti mkononi, anapokea kuni zetu na kuzigonga moja baada ya nyingine, kichwa kimeinama. Iliyolia vizuri aliipanga chini ya upenu wa sakristia. Iliyotoa sauti ya bubu aliirudisha. "Hii iko na maji ndani, Papa. Enda nayo, ikauke kwako." Wanaume wazima walirudishwa nyumbani na kuni zao begani, na wakarudi na nyingine. Padri alipita akauliza kama kanisa limegeuka depo. Maestro alimwambia akitaka naye anaweza kuchangia, na padri akachangia.

Mimi nilimchokoza. "Maestro, si weye unatuambia miti isikatwe?"

"Minasema," akajibu, bila kuacha kugonga. "Na Mama Vero iko anapika samaki kesho. Vyote mbili ni kweli, Madame. Mi nafanya namna gani?"

Nilikuwa nimejitayarisha kumcheka, lakini sikuweza. Nilimpenda sana siku ile.

Akaongeza na tanuri. Alimpata fundi wa kuchomelea, wakafungua mapipa mawili, wakatia wavu ndani na bomba refu juu, ili moshi upande angani badala ya kumpiga Mama Vero usoni. Siku ya kuliwasha tulikwenda wote kushangilia. Moshi ulipanda kwenye bomba vizuri kabisa, ukatoka juu, upepo wa mto ukaushika, ukaupeleka moja kwa moja kwenye dirisha la jirani. Jirani alitoka na mtoto mgongoni.

"Maestro! Mumemuponya Mama Vero, sasa munaniua miye?"

Walipandisha bomba. Moshi ukamruka jirani yule na kumfikia wa tatu. Maestro alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, anaangalia juu. "Hatujaimaliza," akasema. "Tumeihamisha tu." Hata hivyo tanuri lilisaidia, tusiwe watovu wa shukrani. Kikohozi cha Mama Vero kilipungua kwa miezi kadhaa, na majirani walizoeana na bomba kama walivyozoeana na mengine.

Kisha kikarudi, na safari hii kilikuja na homa. Muuguzi wa kituo cha afya alimsikiliza kifua, akamwambia akae mbali na moshi. Mama Vero alitusimulia mwenyewe, akicheka. "Minamuambia, sawa, weye uambie batoto yangu bakae mbali na chakula."

Maestro hakucheka. Noeli ilikuwa inakaribia, na wiki ya kabla ya Noeli ndiyo wiki ya samaki wengi kuliko zote, kila nyumba inataka wake. Halafu mazoezini, mbele ya wote, akasema Utukufu wa mwaka huu ataimba soprano mwingine, na Mama Vero apumzike.

Sikuwahi kuona Mama Vero amekasirika kabla ya hapo. Alisimama, akajifunga kitenge upya.

"Maestro," akasema, "moshi ilikamata kifua yangu. Ilikamata macho. Ilikamata asubuhi yangu yote, tangu niko mutoto. Utukufu njo kitu moja haikukamata. Weye sasa unataka kuikamata?"

"Mama Vero, kama unaimba na ile kifua, utaanguka pale mbele."

"Nianguke basi. Nianguke na sauti yangu."

Tuliangalia chini. Mzee wa mkokoteni alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Maestro alimtazama mwanamke yule, na kila mtu mle ndani alijua anachopima: ule wimbo alioutunga maisha yake yote upande mmoja, na pumzi ya mtu upande wa pili. Hatimaye alisema ataimba, kwa sharti. Wiki nzima ya kabla ya Noeli asikaribie moto. Hata siku moja.

"Na samaki, nani atageuza? Mume yangu iko mu maji."

"Nitatafuta mutu," Maestro akasema. "Weye lala, kunywa chai, nyamaza."

Hakutuambia ni nani, nasi tulidhani amepata msichana wa kazi au ndugu wa mume.

Siku chache kabla ya Noeli nilikwenda kwa Mama Vero na kuni zangu mbili kichwani. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, katika Desemba ambayo zamani tulikuwa tunaanika ndani yake nguo na kuni na kila kitu. Nilimkuta Mama Vero amekaa barazani kwa jirani wa upande usio na moshi, ameagizwa asisogee, amejifunika kitenge mpaka kidevuni na uso wake umeburudika. Alinionyesha uwanja wake kwa kuchomoza midomo, kama tunavyofanya kwetu.

Nilikwenda nikazunguka nyumba yake. Moshi ulikuwa mzito, kwa maana mvua ilikuwa imelowesha bomba na upepo umelala. Ndani ya moshi ule kulikuwa na mtu mrefu ameinama juu ya tanuri, shati jeupe limekuwa rangi ya chai, leso iliyoloweshwa imefungwa puani. Alikuwa anageuza samaki. Macho yake yalikuwa mekundu kabisa na machozi yanashuka yenyewe, hayafuti, kwa sababu vidole vilikuwa vimejaa mafuta ya samaki. Niliita, hakuniona vizuri. Alisema, "Nani? Sema a."

Sikuweza kusema a. Kuni zilinianguka.

"Maestro, juu ya nini hukutuambia? Tuko wengi! Tungepokezana!"

"Mungekuya," akasema. "Soprano zote, alto zote, mungekuya hapa kukula moshi wiki nzima. Siku ya Noeli niko na nani?" Aligeuza samaki mwingine, akampanga vizuri kando ya mwenzake. "Miye siimbi, Madame. Kazi yangu iko mukono. Mukono haikohoe."

Nilitaka kumsukuma atoke pale. Nilitaka pia kumkumbatia, na kwetu alto hamkumbatii Maestro wake, kwa hiyo nilishika fimbo ya chuma nikaanza kugeuza upande wa pili. Alininyang'anya. Alinifukuza kwa heshima, kama alivyofanya kila kitu. Nilikwenda kukaa na Mama Vero barazani, na mara kwa mara kutoka nyuma ya nyumba yake tulisikia samaki wakilia mafuta motoni.

Noeli ilifika. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Padri aliweka ubani mbali. Maestro aliingia na shati jipya limefungwa mpaka shingoni, akasimama mbele yetu, akawapa watu wote mgongo na sisi uso. Hakutuomba tuseme "a". Aliinua mkono.

Mama Vero aliimba. Sitajaribu kuieleza sauti ile, aliyekuwapo anajua. Nitasema tu kwamba kifua chake kilikaa kimya na kumtumikia, na kwamba mumewe, mtu wa kupambana na maji makali, alikuwa analia wazi mbele ya wavuvi wenzake. Katika Utukufu ule Maestro aliweka mahali pa kunyamaza, karibu na mwisho. Soprano anafika juu kabisa, anakata, kwaya nzima inashikilia pumzi, kanisa lote linangoja, halafu mkono unashuka na sote tunaingia.

Tulifika pale. Akakata. Kimya.

Na ndani ya kimya kile mtu akakohoa. Kikohozi kirefu, cha kutoka chini, cha moshi. Wote tuligeuka kumtazama Mama Vero. Midomo yake ilikuwa imefungwa, macho yake yamemtoka, anatazama mbele. Maestro alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono wa kushoto, mabega yanatikisika. Mkono wa kulia ulikuwa bado juu, umetulia, unatuambia tungoje.